Nyumba ya Kiboriloni Inangoja Neno la Shangazi

Kiboriloni, Moshi
12 Januari 2025

Basi hapana, Shangazi, hakoromi! Uliuliza swali hilo mwishoni mwa kile kikaratasi ulichokifunga pamoja na vitenge vya zawadi, nami nilicheka mpaka Jovin akaamka akidhani nimeng'atwa na kitu. Hakoromi kabisa. Anapumua polepole, kifua kinapanda na kushuka kama donge la unga linaloumuka chini ya kitambaa, na mimi hulala pale nikimtazama kama mtu asiye na kazi.

Ona, nimesahau hata kukuamkia. Shikamoo, Shangazi yangu. Sikio linaendeleaje? Najua simu haikufai tena, kwa hiyo nitakuwa nakuandikia kila kitu na kumkabidhi dereva wa basi la Songea, wenzake watakufikishia huko Mbinga. Huku sote hatujambo. Baba mdogo Wenseslaus, binamu yenu, bado anatutunzia kihamba, shamba letu la ukoo, kule Uru tangu Baba afariki. Anasema migomba imebeba vizuri, kahawa si haba, na ng'ombe amezaa ndama mwenye doa usoni. Anakusalimu sana.

Harusi kule Uru ilikuwa nzuri kupita ndoto. Ndafu alikatwa, mbuzi mzima wa kuchoma, mbege ya ndizi ikanywewa, wazee wakacheza. Kwenye meza yetu kiti cha shangazi tulikiacha wazi, hakuna aliyethubutu kukikalia. Sikuulizi tena kwa nini hukuja. Nasema tu kwamba kiti kilikuwepo.

Sasa sikiliza. Tumepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Mashine ikiwashwa ukuta unatetemeka na vikombe vinatembea vyenyewe rafuni, lazima mmoja wetu asimame kuvizuia. Jovin huviita kondoo. Lakini mtaa wa pili kuna nyumba inauzwa, Shangazi! Ni ya Mzee Hafidhi, fundi cherehani aliyestaafu, anahamia Tanga kwa binti yake. Vyumba viwili na sebule, bati jekundu lililofifia, mpera uani, na kibanda cha matofali nyuma. Nilisimama jikoni, mbele ya dirisha, mawingu yakafunguka, na Kibo yote ikaingia jikoni pamoja na theluji yake. Nilimshika Jovin mkono. Tangu siku hiyo naiota. Kila nikifumba macho naosha vyombo mbele ya mlima.

Benki mbili zimetukatalia mkopo, sababu zao wanazijua wenyewe. Lakini moyo wangu unaniambia nyumba ile ni yetu.

Mwanao mwenye furaha,
Winfrida


Mbinga
3 Februari 2025

Winfrida mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, sikio la kushoto limekufa, la kulia linafuata polepole. Mvua huku ni nyingi, kahawa imefunga vizuri. Nashona sare za wasichana wa shule ya masista, magauni kwa magauni, na wasichana wa siku hizi wanavunja vifungo kama wanavitafuna. Msalimu Wenseslaus. Ndama mwenye doa usoni huwa mkaidi, mwambie amfunge mapema.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Jina la Jovin limo karibu kila mstari, na hakuna mstari hata mmoja unaosema Jovin anafanya kazi gani. Tena umeandika kwamba benki zimewakatalia, sababu zao wanazijua wenyewe. Mama, benki si mama mkwe, haimchukii mtu bila sababu. Na wewe unaijua sababu, maana hapo ndipo mwandiko wako ulipoanza kukimbia.

Niambie.

Kuhusu harusi, cherehani yangu iliharibika wiki ile, na sare zilikuwa hazijaisha.

Shangazi yako,
Mektrida


Kiboriloni
16 Februari 2025

Shangazi mpenzi, shikamoo,

Umenikamata kama ulivyokuwa ukinikamata zamani nikilamba asali. Natumaini sikio la kulia bado linakuheshimu. Huku tuko salama. Joto ni kali, vumbi la Kiboriloni linaingia hadi kwenye chumvi, lakini alfajiri mlima unatoka wazi, mweupe, na watu wote sokoni wanatembea kama hawauoni. Mimi nauona. Nimekuwa kama mgeni katika mji wangu mwenyewe.

Nitakuambia yote. Jovin ni mwoka mikate. Alikuwa na tanuri lake mjini, na hoteli za wapanda mlima zilikuwa zikinunua mikate yake kabla jua halijatoka. Akakopa benki akanunua tanuri kubwa la umeme. Haukupita mwaka, ugonjwa ule ulifunga dunia, wageni hawakuja tena, hoteli zikafunga milango, naye akabaki na tanuri kubwa lisilo na wa kumwokea. Dalali alilibeba. Halikutosha. Kaka yake alikuwa amemdhamini, shamba la kaka nalo likaenda, na mpaka leo hawasemezani. Mwisho mahakama ikamtangaza mufilisi. Amekwisha kuachiliwa tangu mwaka juzi, haburuzwi na mtu tena, lakini jina lake limebaki kwenye kompyuta za mabenki kama doa la ndizi kwenye shati jeupe. Sasa anaoka kwa mshahara katika tanuri la mtu mwingine. Jioni anarudi na unga kwenye kope, nami naupuliza.

Usifikiri alinificha. Mara ya pili tu tulipokutana, tukiwa katikati ya marundo ya mitumba, alisimama akasema, "Winfrida, kabla hujanipenda ujue kwamba mimi ni mufilisi." Nikamwambia, "Umechelewa." Mama muuza viatu aliyekuwa pale alipiga vigelegele akanipunguzia bei!

Niliyekuficha ni mimi, kwa sababu nilitaka umpende kwanza.

Sasa tufanyeje kuhusu nyumba? Wapo wakopeshaji wa mitaani, ile mikopo inayoitwa kausha damu, na jina lake linatosha. Jovin alisema afadhali alale na kondoo wetu wa rafuni maisha yote. Ndipo Mzee Hafidhi mwenyewe akasema, "Kwani lazima benki? Nyumba ni yangu. Nikopesheni mimi masikio." Kumbe anaweza kutuuzia yeye mwenyewe kwa mkopo! Tunahamia, tunamlipa kila mwezi kwa miaka kadhaa, hati inakaa kwa wakili, na nyumba yenyewe ni rehani yake mpaka tumalize. Tukishindwa, anaichukua. Riba hali, dini yake haimruhusu. Bei ameipandisha kidogo tangu mwanzo, waziwazi, na haitaongezeka tena. Mkewe, Bibi Mwantumu, alikuwa akimsukuma kwa kiwiko, "Wape, Hafidhi, kijana anamtazama mkewe kama mkate wa kwanza wa alfajiri."

Mzee akajibu, "Kutazama hakulipi deni." Kisha akamgeukia Jovin. "Bwana mdogo, wewe ulishaanguka. Sikucheki. Lakini nyumba hii ndiyo uzee wangu. Nileteeni kitu cha kunituliza moyo."

Tumekaa tukawaza. Kitu gani kinatuliza moyo wa mtu kuliko kihamba? Kile cha Uru ni changu sasa, Baba hakuwa na mtoto mwingine. Lakini Baba Wenseslaus anasema ukoo hautakubali kukitaja kwenye karatasi bila neno lako, kwa kuwa wewe ndiye pekee uliyebaki wa nyumba ya Babu. Neno moja tu, Shangazi. Andika kwamba umekubali.

Wako, nikisubiri kila basi,
Winfrida


Mbinga
24 Machi 2025

Winfrida,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, barabara ilikatika.

Nimefurahi kwamba mumeo alisema mwenyewe. Mwanamume anayetaja aibu yake kabla hajaulizwa ni bora kuliko mwenye matanuri matatu. Lakini kaka yake alipoteza shamba. Hilo usilipitie mbio kwa sababu unapenda.

Kuhusu kihamba sina neno. Mimi si wa kihamba. Muulizeni Wenseslaus, yeye ni mwanamume.

Nimekutumia kahawa kidogo ya huku. Ni chungu kuliko ya kwetu.

Mektrida


Kiboriloni
10 Aprili 2025

Shangazi yangu, shikamoo,

Aika, asante sana kwa kahawa. Tuliinywa tukiwa tumekaa kitandani, kwa kuwa kiti tunacho kimoja, mvua ya masika ikipiga bati na mashine imenyamaza kwa kukosa umeme. Ilikuwa chungu, na tamu mwishoni. Wote hapa wazima. Kule Uru barabara ni utelezi mtupu, Baba Wenseslaus alianguka na mkungu wa ndizi begani, lakini ameumia heshima tu.

Barua yako ilikuwa fupi. Niliisoma nikaigeuza nyuma, nikidhani umeandika na huko. "Mimi si wa kihamba." Jovin aliniuliza maana yake nini, nikamsomea tena maneno hayo. Sikukuandikia siku ile ile kwa sababu nililia kidogo, na wewe hupendi karatasi yenye maji.

Basi tulienda kwa Mzee Hafidhi kumwambia kwamba kihamba kimeshindikana. Jovin alivaa shati lake la bluu. Tulikaa barazani, mvua imetulia, nikaanza kueleza habari za ukoo, idhini na makaburi, na Mzee anatutazama tu. Mwisho akauliza, "Nani alisema anataka kihamba?"

"Ulisema tukuletee kitu cha kukutuliza moyo, Mzee."

Bibi Mwantumu alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Wachaga jamani! Mtu akisema moyo wake hautulii, wanamletea ardhi!"

"Makaburi ya babu zenu nitayafanyia nini?" akasema Mzee. "Nikae Tanga nalinda migomba ya Uru? Nyumba si tayari ni rehani? Inatosha. Mimi nilitaka mtu. Huyu kijana kaka yake hasemi naye. Wewe binti, wazazi wako wamelala. Siku mkikwama mwezi mmoja, au miwili, nani ataniambia ukweli? Nani atakaa hapa aseme, hawa ni wangu, nawajua?"

Nilitazama mlima nao ulikuwa umejifunika.

Ndipo Bibi Mwantumu, akimwekea Jovin kikombe, akaishika kola yake. "Hafidhi, hebu njoo uone kifungo hiki."

Mzee akavaa miwani. Akakivuta kifungo, akakigeuza. Unajua ninavyoshona, Shangazi: kifungo hakikandamizwi kwenye kitambaa, kinaachiwa shingo, halafu uzi unazungushwa shingoni mpaka ukaze, na fundo linafichwa chini yake. "Nani amekishona?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mimi."

"Nani alikufundisha?"

"Shangazi yangu, Mektrida."

Shangazi! Mzee alivua miwani akakaa. "Mektrida wa Uru? Yule msichana aliyekuwa haongei? Miaka mitatu alikuwa kwenye meza yangu ya vifungo. Shingo hiyo ni yake, mimi mwenyewe nilijifunza kwake. Alishona shati langu la harusi." Na Bibi Mwantumu akasema, "Shati limeoza mgongoni, vifungo bado vimo."

Hukuwahi kuniambia kwamba uliwahi kukaa mjini! Nakumbuka tu ulivyorudi kwetu Uru baada ya mjomba, mumeo, kufariki huko Mbinga, mimi nikiwa mdogo, ukanikalisha chini ya kahawa na kitambaa na sindano, miezi michache, na asubuhi moja nikaamka hupo. Nilidhani nilikosea mishono.

Mzee akasema: "Mektrida akija akakaa kwenye baraza hii, akanitazama machoni akasema huyu binti na mumewe ni wangu, nitaweka sahihi siku hiyo hiyo. Barua hapana. Sauti ya simuni hapana. Aje."

Njoo, Shangazi. Nauli tutatuma. Nimeshaota umekaa pale na kikombe.

Winfrida wako


Kiboriloni
8 Juni 2025

Shangazi, shikamoo,

Pasaka imepita, masika yamepita, mabasi yote ya Songea yamepita. Sijui kama barua yangu ilifika. Nadhani ilifika. Natumaini u mzima, na kwamba kimya hiki ni cha moyo tu, si cha mwili. Huku baridi imeanza, asubuhi mlima umevaa theluji mpya hadi mabegani, na Jovin ananipashia mikono kwa mkate wa moto, mmoja kila kiganja.

Habari ya nyumba ni hii. Amekuja mtu kutoka Arusha mwenye fedha taslimu, anataka kuibomoa ajenge nyumba ya wageni. Ameupima mpera kwa macho ya shoka. Mzee Hafidhi amemwambia asubiri mwisho wa Julai, kwa sababu anamngoja mtu. Bibi Mwantumu ananiuliza kila nikipita, "Kuna habari za Mbinga?" Nami natabasamu kama mjinga.

Lakini si hilo lililonifanya niandike.

Jumapili nilipanda Uru peke yangu. Baba Wenseslaus alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nikamwuliza, "Baba mdogo, kwa nini Shangazi anasema yeye si wa kihamba?" Aliendelea kukata. Nikauliza tena. Akasema, "Wini, mambo mengine yameshazikwa." Nikamwambia, "Basi yafukue, mimi ndiye mwenye shamba." Akacheka kwa mshtuko, akaweka panga chini.

Akaniambia. Kwamba ulirudi mjane na begi moja, ukaomba kona ya kujenga chumba, karibu na mfereji. Na Baba, baba yangu niliyempenda, alikujibu mbele ya watu kwamba binti aliyeolewa akishatoka, kihamba hakimjui. Ukafunga mzigo kabla umande haujakauka. Baba Wenseslaus alikuwepo na hakusema kitu. Alipofika hapo alinigeuzia mgongo, akalishika tena panga, lakini hakukata.

Nilienda nikakaa kando ya kaburi la Baba. Nilitaka kumkasirikia sana, nikaweza kidogo tu. Jua lilikuwa linapenya majani ya migomba, kijani juu ya kijani, maji yakipita mferejini, na nikawaza: miaka yote hiyo mimi nimelala ndani ya mahali ambapo wewe ulinyimwa. Nami nikakuandikia nikuombe neno ili nikiweke rehani!

Shangazi, kihamba kile sasa kiko mikononi mwa mwanamke. Mwanamke huyo anasema kinakujua. Kona ya mferejini nimeipima kwa kamba na Baba Wenseslaus, hakubisha, yeye ndiye aliyeshika kamba upande wa pili. Ni yako, nyumba ya mjini ipatikane isipatikane.

Nimekata isale, ule mmea wetu wa mpakani, nimelifunga jani fundo kama wazee wanavyofanya mtu akiomba msamaha, na shina lake nimelizungushia kitambaa kibichi lisikauke njiani. Najua inavyosemwa, kwamba anayeletewa isale hakatai. Ndiyo maana nataka uelewe vizuri: isale hili si la nyumba ya Mzee Hafidhi. Ni la Baba peke yake, yeye hawezi tena kulileta. Kuhusu nyumba uko huru kukataa, nami nitaendelea kukuita mama.

Mkate ulio kwenye kifurushi hiki ni wa Jovin. Aliamka kuuoka akasema, "Mpelekee, asije akatudhania watu wa maneno tu."

Winfrida


Mbinga
3 Julai 2025

Winfrida mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila sikio la kulia limekaribia kumfikia mwenzake, kwa hiyo ukinipokea usininong'oneze. Tunachuma kahawa, mikono yangu ni myeusi.

Barua ya Aprili ilifika. Iko chini ya mto wangu. Nilikuwa naichukua kuijibu, naiweka.

Mkate ulifika mgumu kama tofali. Niliuloweka kwenye kahawa siku nne, nikaumaliza peke yangu, hata masista sikuwapa. Mwambie mumeo chumvi iko sawasawa. Mtu aliyepoteza tanuri na bado anapima chumvi vizuri hajafilisika.

Isale lilikuwa limeanza kunyauka. Nilikaa nalo mapajani mpaka chai ikapoa. Kaka yangu alikuwa na muda mwingi wa kumtuma mtu, hakutuma. Amechelewa. Lakini mjumbe aliyempata ni mzuri kuliko yeye. Nimelipanda nje ya mlango wa jikoni, nikidhani halitashika kwenye udongo huu mwekundu. Leo asubuhi nimeona limetoa ncha.

Cherehani haikuharibika, mwanangu. Ilikuwa nzima wiki ile yote. Gauni la harusi yako nililishona, mpaka vifungo, kisha nikashindwa kupanda basi la kwenda mahali nilipoambiwa hapanijui. Nitalileta. Utalivaa hata ukiwa unaosha vyombo.

Sasa Mzee Hafidhi. Nilimshonea shati, ni kweli, na alikuwa mtu wa haki hata akiwa kijana. Ila sijapata kumsemea mtu nisiyemjua. Kumsemea mtu ni kuweka jina lako rehani, nalo likiuzwa halikombolewi. Kwa hiyo nitamtazama Jovin kwanza. Nitamtazama akila, nitamtazama akichelewa kupewa chakula, na kabla ya yote nitamtuma kwa kaka yake aende akamsalimu, na wewe mfungie isale lingine abebe mkononi. Akirudi kutoka huko, amekubaliwa au amefukuzwa, mradi amekwenda, basi mimi nitajua la kusema barazani.

Kona ya mferejini ina mizizi ya mti wa zamani wa mruka, usimruhusu Wenseslaus aing'oe mwenyewe, mgongo wake ninaujua.

Mwambie Mzee Hafidhi amrudishe yule mtu wa Arusha na shoka lake. Kahawa ya mwisho inaingia mashineni Jumamosi ijayo, sare nimezimaliza, na nauli ninayo. Msinitumie. Kabla Julai haijaisha nitakuwa nimekaa kwenye baraza lile nikinywa kikombe chenu, na kesho yake unipandishe Uru, nikalale nyumbani.

Shangazi yako,
Mektrida